Kikapu cha Mwalimu Salhiya

Skuli zilipofungwa kwa korona, walimu wengi walikaa majumbani. Mwalimu Salhiya hakukaa. Darasa lake lilikuwa la watoto saba waliowashinda walimu wenziwe: wang'ata watu, wapiga mayowe, wavunja vitu. Kila asubuhi alivaa barakoa, akatoka kwake Kiembe Samaki kuja mjini kuwasomesha mmoja mmoja, yeye nje, mtoto ndani.

Wa mwisho alikuwa Nadra, miaka minane, jirani yangu wa ghorofani. Huyo akikasirika, kinachomjia mkononi kinapita dirishani. Skuli alishaanza kuiacha tabia hiyo. Kufungiwa ndani kukamrudisha kule kule. Siku moja mwiko ukamtua Bwana Haroub, mwenye nyumba, kwenye kofia.

"Bi Faiza!" akampigia kelele mama mtu. "Kikianguka kingine, mnahama!"

Faiza akalia. Mwalimu akatazama juu. Sisi wa Mji Mkongwe tukinunua mboga huteremsha kikapu kwa kamba. Basi akakiomba kile cha Faiza, akatia daftari.

"Nadra, vuta! Kuanzia leo, kitu kikitaka kutoka dirishani, kipande kikapu kwanza. Hata ukiwa na hasira."

"Hata kandambili?"

"Hata kandambili. Ila polepole."

Nikamwambia, "Mwalimu, hasira ya huyu haienei kikapuni."

"Bi Mwamvua, wewe nishikie kamba. Mdomo uache upumzike."

Nikanyamaza, jambo ambalo mume wangu hajaliona miaka ishirini.

Wiki ya kwanza daftari lilishuka vipande vipande. Ya pili, limechanwa nusu. Zikashuka kandambili, ukashuka mto, likashuka birika. Mwalimu anapokea, anashukuru, anarudisha juu. Kikishuka kwa kishindo, "Rudia." Nilichoka mimi, yeye hakuchoka.

Ikaingia Ramadhani. Saa saba mchana, Bwana Haroub huyo, na njaa yake, akasimama chini ya dirisha.

"Hapa pamekuwa skuli au soko?"

Nadra alikuwa anakula uji. Nikaona bakuli limenyanyuka juu ya ile kofia. Faiza, nyuma yake, akafumba macho.

"Nadra," Mwalimu akasema, wala hakupaza sauti. "Kikapu."

Mkono ukasimama. Kisha kikapu kikaanza kushuka, taratibu, hadi puani kwa Bwana Haroub. Bakuli limo, uji haujamwagika hata tone.

"Babu, uji wako. Usikasirike."

Mchana wa Ramadhani! Nikaziba mdomo kwa mtandio. Bwana Haroub akatazama bakuli, akatazama dirisha, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mtoto huyu ataka kunilisha mchana!"

"Kunywa!"

"Nimefunga, mjukuu wangu. Nitafuturia."

"Utapoa."

"Nitaupasha."

Akaondoka kalishika kwa mikono miwili kama kabeba mayai. Habari ya kuhama hakuitaja tena. Kesho yake alirudi na bakuli limejaa tende, akalitia kikapuni mwenyewe.

"Nadra, vuta!" akaita. "Ila polepole."