Udi wa Baba Mkwe Porini

Baba mkwe wangu amewinda Handeni tangu ujana wake, kwa gobore la kushindilia baruti, na katika miaka kumi na miwili tangu nimwoe bintiye hakuwahi kuniuliza kazi inaendaje. Mimi natengeneza majokofu. Kwake yeye, mwanamume anayehangaika na mashine za baridi ni sawa na mwanamume anayesuka ukili: si haramu, lakini usimweleze mtu.

Alipokuja Johannesburg kututembelea alikaa kibarazani kwetu Troyeville wiki tatu, akitazama magari yanavyosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Nyama ya dukani hakuigusa. Anaiita nyama iliyolala. Alikula wali na maharage, akatulaumu kwa macho.

Basi nikajitia ubishi. Kuna mkulima mmoja huko kaskazini, mwendo wa saa nne kwa gari, mwenye shamba la wanyama. Niliwahi kumfufulia chumba chake cha baridi baada ya mafundi watatu kushindwa, na tangu hapo kila msimu wa uwindaji ukifunguliwa huniruhusu nipige swala mmoja, kwa bunduki yake na nikiwa na mfuata nyayo wake. Nilikwishapiga wawili. Baba mkwe alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Ulimpiga, au alijifia kwa baridi?"

Mke wangu alikimbilia jikoni ili asicheke mbele yangu. Nilikasirika, sikufichi. Nikasema, "Baba, twende wote ukaone kwa macho yako." Jumanne alikuwa anarudi kwao. Nilitaka mzee yule afike Handeni akijua kwamba bintiye ameolewa na mwanamume. Hilo tu. Na nikikosa, ningekosa mbele yake, na habari ingefika Handeni kabla ya ndege yake.

Msimu ulikuwa umefunguliwa wiki ileile na joto lilikuwa halijatoka. Wenye akili husubiri baridi ya Juni, nyasi zikishakauka na nyama ikiwa haina haraka. Mwanzo wa msimu majani bado ni mengi, swala hushinda vivulini, na ukishampiga, jua linaanza kukudai nyama ile dakika hiyohiyo. Lakini Juni mzee asingekuwapo.

Nguo zangu za porini nilizifua kwa maji matupu, bila sabuni, nikazianika nje siku tatu. Hilo nilifundishwa na yule mfuata nyayo, Mvenda, mtu wa kabila la hukohuko kaskazini, wa makamo, asiyependa maneno mengi. Aliniambia swala anaweza kudanganyika kwa macho, kwa pua hadanganyiki.

Tuliondoka Ijumaa baada ya kusali msikitini. Mke wangu alimtoa baba yake mlangoni kama anampeleka harusini: koti la kaki limepigwa pasi, shati jeupe, kofia ya mkono. Tulipita Midrand kwenye foleni na mzee ananieleza jinsi ninavyoshika usukani vibaya. Shambani tukalala, alfajiri tukaingia porini, Mvenda mbele, mimi katikati, baba mkwe nyuma.

Kundi la kwanza tuliliona jua likichomoza. Swala kumi na tano hivi, wamesimama vizuri. Nikapiga goti. Ghafla dume akainua kichwa, akapiga chafya, na wote wakatoweka.

"Umekanyaga kijiti," akasema baba mkwe.

Sikukanyaga kijiti. Kundi la pili likafanya vilevile, tena tukiwa mbali zaidi. "Unatembea kama ng'ombe mwenye mimba," akasema. La tatu hatukuliona kabisa, tulisikia chafya tu na vishindo vya kwato. Ilikuwa saa nne, fulana imenigandia mgongoni na vijinzi vimenijaa machoni. Mzee akaanza kunihadithia, kwa sauti ya huruma, habari za binamu yake mmoja asiyejua kuwinda, ambaye hatimaye alifungua duka akafanikiwa. Lahaula! Nilimeza mate machungu.

Mvenda akanivuta kando. "Eish, bhuti," akaninong'oneza. "Mkhulu, huyu mzee wako, ananukia kama bibi harusi. Upepo unatoka mgongoni kwetu. Unamkuta yeye kwanza, halafu unawafikia swala."

Nikarudi hatua mbili nikavuta pumzi, na loo! Udi. Udi wa Unguja, ule mzito, na juu yake atari nyuma ya masikio. Usiku mzima wa Alhamisi mke wangu alikuwa ametundika nguo za baba yake juu ya chetezo, kwa sababu baba yake hatoki nyumbani kwake akinuka jasho. Mimi nisingeweza kuujua, maana nyumba yetu yote inanukia hivyohivyo na pua yangu imekwisha kuzoea.

"Mwambie," akasema Mvenda.

Nimwambie? Jamani, yule ni baba mkwe! Mimi huyu ambaye mpaka siku ile sikuwahi kukaa kiti kilichoelekeana na chake, nikampe salamu kisha nimwambie ananuka? Nikafikiri kunyamaza. Nikinyamaza, nitakosa kwa heshima, nitarudi mikono mitupu na mkwe wangu ana furaha. Nikisema, huenda nikapata swala nikapoteza baba wa mke wangu. Nilisimama pale na jua limenikalia utosini, mtu mzima na watoto wake watatu, naogopa kama mwanafunzi. Mwishowe nikajiambia, liwalo na liwe.

"Baba, samahani sana. Naomba radhi kabla sijasema."

"Sema."

"Unanukia udi, baba. Upepo unawapelekea swala. Ndiyo maana wanakimbia tangu asubuhi."

Akanitazama.

"Unaniambia mimi?"

"Ndiyo, baba. Nakuambia wewe. Ama uvue, ama utusubiri garini."

Sijui maneno ya mwisho yalitoka wapi. Mzee akainua mkono wa koti mpaka puani, akaunusa polepole, akafumba macho. Kisha akaanza kufungua vifungo. Nikageuka upesi, maana kumwona mkwe kifua wazi ni aibu, na Mvenda naye akageuka. Nilipotazama tena, alikuwa ametundika koti, shati, fulana na kofia juu ya mti wa miiba, naye amechutama kwenye rundo la mavi ya swala, anajipaka kifuani, shingoni na nyuma ya masikio, bila haraka, kama mtu anayejua anachofanya. Akatwanga majani mabichi kiganjani akajisugua makwapa. Akasimama na mvi zake za kifuani, akaonyesha kwa kidevu: twende, upepo uje usoni.

Tulizunguka mbali mpaka tukafika upande wa pili wa bwawa dogo, tukajilaza nyuma ya kichuguu. Tukangoja. Jua lilipanda mpaka kivuli chetu kikaingia chini ya matumbo yetu. Jasho likaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta.

Wakaja kunywa. Majike kwanza, kisha dume mmoja mwenye pembe zilizopinda vizuri, akasimama ubavu. Hakuna aliyepiga chafya. Nikasema kimoyomoyo usitetemeke, nikasema kwa ulimi, "Bismillahi, Allahu Akbar," nikavuta.

Dume akaruka juu, akakimbia, akaanguka kwenye nyasi ndefu. Mvenda akanyoosha mkono kunizuia ili tungoje kidogo. Nani angoje? Mzee yule hali mpaka shingo ikatwe na roho bado imo. Nikamwachia bunduki Mvenda, nikachomoa kisu, nikatimka. Nyuma yangu nikasikia vishindo vingine, na wallahi, mtu wa miaka sabini na kitu akanipita! Alifika kwanza, akashika pembe, akageuza kichwa kuelekea kaskazini, kibla, akapaza sauti, "Kata! Yu hai, kata!" Nikakata. Damu ikaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Nilipiga takbira pori zima likaitika, nikaruka kama mtoto wa madrasa aliyehitimu, na sikuona haya hata kidogo.

Kisha ilikuwa mbio na jua. Tulimpasua palepale, tukatoa utumbo, tukaweka vijiti mbavuni hewa ipite, nzi wakifika kabla hatujamaliza. Chini ya saa moja swala alikuwa ananing'inia kwenye kile chumba cha baridi nilichokifufua. Mzee aliingia humo ndani na sisi, akakaa muda mrefu, akipapasa ile nyama na kutazama ukungu unavyotoka mdomoni mwake.

Lakini njia nzima ya kurudi, Jumapili asubuhi, hakunena. Nikajua nimemwudhi. Nilijilaumu kuanzia shambani mpaka mlangoni kwetu.

Mchana mke wangu akapika. Ini lilikaangwa kwa kitunguu na ndimu, mbavu zikaingia kwenye nazi. Mzee akala. Akaongeza, akala tena, akalamba vidole. Kisha akaomba simu apigiwe kaka yake Handeni, akaiweka sauti ya juu kwa sababu hasikii vizuri, na nyumba yote ikawa inasikiliza.

"Nimekula swala!" akapaza sauti.

"Ulimpiga mwenyewe?" kaka yake akauliza.

Nikashika sahani yangu kwa mikono miwili. Mezani hapakuwa na mtu wa kumsahihisha kama angesema ndiyo, na mimi nisingemsahihisha.

"Sikupiga mimi. Kapiga mume wa mwanao. Risasi moja."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilikuwa nawafukuza. Nilijifukiza udi, bwana, nikaingia nao porini! Asubuhi nzima swala wananikimbia, nami namlaumu kijana wa watu. Akaniambia nivue nguo."

"Akakuambia wewe? Mkweo?"

"Akaniambia mimi. Katika maisha yangu nimewinda na wanaume wengi, wote walikuwa wakiniogopa." Akanitazama usoni, tukiwa tumekaa tumeelekeana, na wala sikuhama. "Huyu si mwoga. Binti yetu yupo mahali pazuri."