Kamba ya Nesi na Kiti Chekundu cha Mama Wilkista

Phelista, ambaye mtaani tulimwita Mama Wilkista kwa jina la bintiye, alichapa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kilipenda kufikiri kwanza. Lakini mwaka wa 2009, ukinunua kitu kwenye mnada wa mtandaoni wa Hillary halafu kikufikie na kasoro, ulipelekwa kwake.

Mnada huo uliishi ndani ya saiba ya Hillary, duka la intaneti mjini Kitale lenye kompyuta sita na feni moja. Ukiwa na kitu cha kuuza, Hillary alikipiga picha, akakiweka kwenye mtandao, watu wakapandishiana bei siku tatu, na wa mwisho akakichukua. Sheria ilikuwa moja, na Hillary aliiandika kwa hasira baada ya mtu wa Bungoma kuuziwa baiskeli iliyofika bila kiti: kila kinachoonekana kwenye picha, mnunuzi apewe.

Watu wakigombana, Hillary alikuwa na kitufe. Alikibonyeza, biashara ikafutwa, kila mtu akarudishiwa chake. Ikafika mahali mabati ya kurudishwa kila mara yanajua barabara ya Kitale na Bungoma kuliko makanga wa matatu.

Mama Wilkista hakuja pale kutafuta ujaji. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la kadi la zahanati moja upande wa Lugulu, akiamua nani alifika kwanza kati ya watu arobaini ambao wote walifika kwanza. Siku zahanati ilipoletewa kompyuta, aliombwa aifundishe kazi, halafu akaombwa aende nyumbani. Alikuja saiba kuchapiwa barua ya kutafuta kazi. Barua ikiwa bado kwenye printa, watu wawili wakaanza kushikana mashati juu ya cherehani, na alipomaliza nao, wale wawili walikuwa wakinunuliana soda.

Hillary alisahau hata kumpa barua yake. Akampa kiti cha plastiki, chekundu, karibu na mlango.

"Mwezi mmoja tujaribu, Mama," alisema. "Kesi moja ikikushinda, narudia kitufe changu."

Mama Wilkista alikikalia kile kiti kama aliyezaliwa juu yake. Alikuwa ameshatolewa kazini na kompyuta. Kutolewa tena na kitufe kungekuwa ni kuzidishiwa.

Kazi yake ilikuwa na njia moja. Ukija na kilio, hakusikiliza kilio chako. Alikwambia umweleze kilio cha mwenzako, vizuri, mpaka mwenzako mwenyewe aseme "ndivyo". Kesi nyingi zilifia hapo hapo, maana ni vigumu kumtukana mtu ukiwa umebeba maneno yake mdomoni.

Siku ya ishirini na nane akaingia Naim, mwenye hoteli ya chai karibu na msikiti. Mkanda wa suruali yake ulikuwa umetafunwa.

Naim alizaliwa mjini, akakulia mjini, na maziwa aliyajua kwenye pakiti. Alichoka kununua maziwa ya chai, akashinda mnada wa ng'ombe wa Mzee Mukhisa wa Kamukuywa, ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kichwani kama kofia ya nesi, na Nesi ndilo lililokuwa jina lake. Naim akaenda na pikapu ya kukodi. Mzee akampandisha Nesi vizuri, akafunga mbao za nyuma, kisha akafungua kamba shingoni mwa ng'ombe, akaikunja mkononi na kuwatakia safari njema.

Pikapu ilipofunguliwa Kitale, Nesi aliruka chini, akaangalia kushoto na kulia kama mtu mwenye adabu, akaenda moja kwa moja kwenye kabichi za mama mmoja. Naim alimrudisha kwa mkanda wa suruali, mkono mmoja ukiwa kwa ng'ombe, mwingine ukiwa kwa suruali. Wateja wake wote walikuwa nje wakitazama. Tangu siku hiyo, mtu akiagiza chai pale aliuliza kama suruali iko sawa.

"Kamba iko kwenye picha," Naim alisema, akapiga skrini kwa kucha. "Sheria ni yenu. Nipewe kamba, ama huyu mzee achukue ng'ombe wake."

Mama Wilkista akampigia Mzee Mukhisa na kuweka simu kwenye spika. Sauti ikajaa saiba nzima, maana mzee aliongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Kamba siuzi! Hata uniletee askari! Nani alinunua kamba? Mimi niliuza ng'ombe!"

"Mama," Hillary akanong'ona, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, "hii imekataa. Wacha nirudishe."

"Toa hicho kidole, mwanangu. Bado siku mbili." Akamgeukia Naim. "Haya. Nieleze kilio cha mzee."

"Kilio gani? Huyo ni mchoyo tu. Kamba ya katani, bana."

"Mzee, ndivyo?"

"Sivyo!"

"Jaribu tena, Naim."

Naim akajaribu mara tatu. Mara ya kwanza mzee alikuwa mchoyo, ya pili mkaidi, ya tatu mgonjwa. Zote zikawa sivyo. Ikabidi aulize, na kuuliza ndiko Mama Wilkista alikokuwa akimsukuma tangu mwanzo.

"Sasa mzee, hiyo kamba ina nini?"

Mzee Mukhisa akapunguza sauti kwa mara ya kwanza. Ile kamba, alisema, ilishamfunga mama yake Nesi, na nyanya yake. Ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki nyumbani kuita wengine. Ukiitoa, umetoa zizi lote. Kamukuywa, anayeenda kununua ng'ombe huenda na kamba yake. Hata mtoto anajua.

"Kwa hivyo," Naim akasema polepole, "uliona mimi nimekulipa ng'ombe mmoja, halafu nataka kukuchukulia wote."

"Ndivyo," simu ikasema.

"Na wewe, Mzee? Kilio cha Naim ni kipi?"

"Huyo kijana alikuja mikono mitupu. Nikafikiri ana kamba ndani ya gari. Kumbe nimemwachia ng'ombe kama mtu aliyeachiwa motokaa bila usukani. Na ati suruali..."

"Ndivyo," Naim akasema haraka. "Hapo kwa suruali pia ni ndivyo."

Wakapatana, lakini sheria haikupatana. Mzee akaahidi kusokota kamba mpya, ambayo haijawahi kufunga ng'ombe wake yeyote, na kuileta mwenyewe. Hillary ndiye aliyekwama.

"Mama, picha inaonyesha kamba nyeusi ya zamani. Nikikubali mpya leo, kesho mtu ataleta kiti kingine cha baiskeli. Picha na mali lazima zifanane, si ndiyo?"

"Lazima," Mama Wilkista akakubali. "Lakini uliandika nani amfuate mwenzake, mali ama picha?"

Siku ya thelathini alichukua kamera ya saiba, akaenda nyuma ya hoteli ya Naim. Mzee Mukhisa alikuwa ameshafika, amevaa koti la kanisani, akiwa na kamba ya katani nyeupe kama ndevu zake. Akamfunga Nesi mwenyewe, akamwonyesha Naim fundo mara mbili, kisha akampa ncha. Mama Wilkista akaning'iniza mkoba wake kwenye nguzo ya zizi, akafumba jicho moja, akapiga.

Hillary akaweka picha mpya mahali pa ile ya zamani. Ng'ombe huyo, kamba hiyo, vyote kwa mnunuzi. Akaitazama kwa muda, akaangalia mali, akaangalia sheria yake mwenyewe, na hakupata pa kushika. Jioni hiyo alimnunulia Mama Wilkista mto wa kukalia. Barua yake ya kutafuta kazi ilikuwa bado juu ya printa. Mama aliigeuza, akaandika nyuma yake orodha ya kesi.

Asubuhi simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Naim: "Mama, ng'ombe na kamba nimepokea salama. Kwenye picha naona pia mkoba mweusi. Utaniletea lini?"

Kidole kimoja kikafikiri kwanza, kisha kikajibu: "Njoo. Lakini uanze kwa kunieleza kilio cha mkoba."