Uzi wa Kwenye Simu

Duka la nyuzi pale Chake lina kaunta ya mbao, na juu ya kaunta ipo gilasi ya maji yenye kitambaa cha bafta nyeupe ndani. Mgeni hudhani mtu kaloweka kitambaa cha kufutia. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua, akipokea uzi mpya hukata kidogo, akaufunga kwenye bafta, akauloweka siku mbili. Ukitoa rangi, hauuzwi. Sisi washona kofia wa Madungu tulikuwa tukiiona gilasi ile miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo nyumbani. Ya nini, na yeye keshaloweka?

Sikuwa nikimpenda sana, nasema kweli. Alikuwa mzito. Humwambii nipe uzi wa kahawia akakupa. Kwanza umwoneshe kazi yako. Aichukue, atoke nayo mlangoni kwenye mwanga, aigeuze, arudi, avute kisanduku, akisukume, avute chengine. "Taratibu, Bi mkubwa. Rangi haikimbizwi." Na mie nimeacha chungu jikoni!

Mama yangu ameshona kofia tangu sijazaliwa, za kuuza na za watu wa nyumbani. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alikuwa na kofia mkononi ya mjukuu wake, mwanangu wa kwanza, ya kuvaa siku ya nikaha. Kofia zetu za mkono hushonwa vipande viwili: duara la juu, na ukanda wa kuzunguka kichwa, kisha vikaungwa. Duara alilimaliza kwa taabu, matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi wa rangi ya karafuu kavu, kwenye bafta nyeupe pe. Ukanda ukamshinda. Akanipa vyote viwili.

"Malizia wewe, mwanangu," alisema. "Hii ndiyo yangu ya mwisho. Nataka aende nayo kuoa."

Hakuniomba jengine lolote mwaka ule.

Nikaenda dukani. Mzee akatoka na lile duara mlangoni, akarudi, akasema uzi ule ndio umekwisha, mwengine uko njiani, na ukifika lazima kwanza auloweke. Nikamuuliza lini. Akasema Mungu akipenda, wiki tatu, pengine nne. Nikamwambia ngoja ngoja yaumiza matumbo, nikachukua duara langu nikatoka bila kuaga. Hasira zangu nazijua mwenyewe, huja kabla ya salamu.

Siku ile ile jirani akanionesha kwenye simu muuzaji wa Dar es Salaam mwenye nyuzi za kila rangi, zimepangwa safu kwa safu. Nililiweka duara ubavuni mwa kioo cha simu, nikaongeza mwanga, nikapunguza, nikachagua. Siku ya nne mzigo ukashuka na boti Mkoani, na jioni yake ulikuwa mapajani mwangu. Nikaulaza uzi juu ya kazi ya mama: rangi ni ile ile, wala huoni ulipoanzia. Kipya kinyemi, ati. Kesho yake nilipita makusudi mbele ya lile duka, mfuko nimeushika mbele ili auone. Mzee akanisalimia kama kawaida.

Nilishona mwezi mzima na nusu. Mama alikuwa akikaa karibu yangu, akiuliza nimefika wapi, nami nikimwambia nimebakiza shubiri, nimebakiza vidole vinne. Kipande cha mwisho kilipokwisha nikaunga ukanda na duara. Baada ya hapo kofia hufuliwa, ili itoke michoro ya penseli na jasho la mikono, kisha hutiwa wanga. Nikaiweka kwenye beseni uani, nikamwagia maji.

Maji yakawa chai. Nikaitoa haraka, lakini lo! Uzi wangu ulikuwa umetapika rangi kwenye bafta yote, na kwenye duara la mama yametanda madoa mekundu-mekundu, mapana kama kiganja cha mtoto. Nikajaribu limau, nikajaribu jua, nikajaribu sabuni hii na ile. Kila nikiisugua madoa yalizidi kutambaa. Nikakaa chini pale uani nikalia, na nikalia kimya kimya ili mama asisikie.

Niliipeleka dukani. Mzee akatoka nayo mlangoni kama ada yake, akakaa nayo muda mrefu.

"Huu haukupita kwangu," akasema.

"Haukupita."

"Ungeuleta tu, Bi mkubwa. Hata kama umenunua kwengine ningekulowekea. Ni maji tu."

Afadhali angenisimanga. Nilimuuliza kama kuna dawa, akatikisa kichwa.

Watu huniuliza kama sasa naichukia simu. Siichukii. Sindano naagiza huko huko, na mikasi, na miwani yangu ya kushonea. Sindano haitoi rangi.

Zilikuwa zimebaki siku tano kufika nikaha, na kofia ya mkono haishonwi kwa siku tano. Nikanunua ya mashine, nyeupe, nzuri tu kwa mtu asiyejua kofia. Ile ya madoa nikaitia wanga hivyo hivyo, nikaikausha juu ya bakuli, nikampa mama. Akaipitisha vidole pole pole, duara lake, kisha ukanda wangu, kisha pale nilipounga. Vidole havioni doa. "Mkono wako umetulia," akaniambia, na katika maisha yangu hakuwahi kuniambia hivyo.

Siku ya nikaha mwanangu aliingia kwa bibi yake kuomba radhi kabla ya kuondoka kwenda Konde kwa wakwe. Mama akamvalisha kofia kwa mikono yake, akaiweka sawa, akamwombea dua. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipotoka tu ukumbini nikaivua ile kofia kichwani mwake, nikamvisha ya mashine. "Mama, lakini bibi..." akaanza. Nikamwambia nyamaza, utachelewa. Kijana wa watu akanitii, akaenda zake.

Wanaume waliporudi, mama akaniita chumbani.

"Umewauliza? Watu wamesemaje juu ya kofia?"

"Wameisifu, mama. Wote wameisifu."

Na kweli waliisifu. Mama akainua viganja, akasema alhamdulillahi, akanishukuru mie.