Rehema Alivyokuja Kuliona Jumba la Mwairishi

Cheka ukitaka, hata mimi ningesimuliwa ningecheka. Lakini haya hayakunifika ndotoni. Yalinifika alasiri, jua bado kali, hapa hapa Johannesburg.

Ninapanga chumba cha juu katika jumba kuukuu karibu na Joubert Park. Wanasema lilijengwa na Mwairishi mmoja wa machimbo ya dhahabu, enzi za Malkia Victoria: matofali mekundu, baraza yenye nakshi za chuma, na dirisha la ngazini lenye vioo vya rangi. Bati limeoza, mabomba ya ndani yamekauka, lakini dirisha lile! Mke wangu Rehema, aliyebaki Tanga, nilimtumia picha nyingi za dirisha hilo. Alikuwa akinitania, "Baba Saidi, hizo umeziokota mtandaoni." Nami kila mwaka nikimwahidi, mwakani utakuja ujionee.

Siku hiyo natoka kazini, namkuta kasimama ngazini. Rehema mwenyewe, na kanga zake, rangi za vioo zimemwangukia usoni. Hana mzigo.

"Kumbe ni kweli," akasema taratibu, akipapasa ubao wa dirisha. "Linapendeza, Baba Saidi."

Furaha niliyokuwa nayo! Lakini kwetu mgeni wa safari haulizwi habari kabla hajanywa maji. Kwa hiyo sikumuuliza kaja na nini, wala kaja na nani. Hata mkono sikumpa. Nikamwambia, "Kaa, mama, nakuja," nikakimbilia bomba la uani na kikombe.

Niliporudi, ngazi tupu.

Mama Furaha, msusi Mkongo anayekaa chumba cha chini, akaniuliza, "Muke yako amefika? Amenisalimia muzuri. Eish, lakini mikono yake ni baridi sana!" Kuingia alimwona. Kutoka hakumwona.

Kikombe kikiwa bado mkononi, simu ikalia. Alikuwa shemeji, kutoka Tanga. Rehema alikuwa ametutoka adhuhuri ile, kwa homa ya ghafla.

Niamini, nililia mpaka sauti ikakauka. Mkono wake aliushika jirani. Mimi mumewe sikuushika.

Sasa jumba linataka kubomolewa, na wapangaji wengi wamehama. Mimi nimebaki. Akirudi, atamkuta nani?

Nawe uliye mbali na wako, acha kusema mwakani. Na siku akikutokea mlangoni bila mzigo, achana na maji. Mshike mkono kwanza.