Samaki wa Kulamba Kioo

Kuna siku moja, mwanangu Salima, ambayo nikiikumbuka mpaka leo kichwa kinanizunguka, na wewe ndiye uliyeniamshia kumbukumbu hiyo. Umenitumia picha ya ile akwariamu uliyoweka kwenye restora yako karibu na bandari. Nzuri kweli, ila kioo kimeota utelezi wa kijani, na unataka bibi yako akuchagulie samaki wadogo wa kukaa chini na kuulamba, wasiogombana na wenzao. Halafu ukaongeza, "wale wasiohitaji chakula." Neno hilo limenikalisha chini.

Baba yangu alikuwa seremala wa reli. Vita ile ya zamani, si hizi za juzi, ilipokata njia, treni haikuja tena kwetu Kindu, naye akabaki anazungukazunguka uwanja wa stesheni na nyundo mkononi, hana cha kugongea. Mwisho akachukua vioo vya madirisha ya behewa bovu, akaviunga kwa gundi ya mastiki vikawa sanduku, akatia mchanga na maji, akaweka samaki wadogo wa rangi rangi. Majirani walicheka: watu wana njaa, mwenzetu anafuga samaki asioweza hata kuwakaanga. Mama alinuna. Mimi sikumwelewa baba, na hata leo simwelewi vizuri, ila nilipenda kukaa pale kutazama.

Kioo kikaota kijani kama chako. Baba akanituma kwenye mawe ya kijito, pale kabla hakijaingia mto Lualaba, nikatafute samaki wembamba wenye mdomo chini ya kichwa, wale wanaong'ang'ania jiwe na kulikwangua. Maelekezo yake ndiyo nakupa wewe. Chukua wadogo, maana mkubwa atafukua mchanga na kusumbua wengine. Chukua kadhaa, wasikae wapweke. Na mtazame kila mmoja tumbo, liwe limejaa. Nikawaleta, na siku chache tu kioo kikang'aa, hata wale waliocheka wakaja kutazama. Baba akawa anawasifu kwa kila mtu, kwamba hawa njo samaki, ndio samaki wenyewe, hawagombani, hawaombi kitu.

Majuma hayo hayo akafika Feza, mtoto wa mdogo wake mama. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka upande wa Punia, na watu asiowajua. Wazazi wake walibaki njiani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ni wapi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Mama akipakua bugali na sombe ya majani ya muhogo, Feza husema yeye atakula mu sufuria. Na wewe unajua, kwetu mtoto anayeachiwa sufuria njo mwenye bahati. Wakati wa shibe tulipigana makofi kwa ajili ya ukoko ule. Kwa hiyo tulimwona amechagua vizuri. Mama alimsifu mbele yetu, mtoto huyu hana shida, si kama ninyi walafi.

Kisha samaki wa chini wakaanza kufa. Leo mmoja, keshokutwa mwingine. Tukachanganyikiwa, kwa sababu maji ni safi, kioo ni safi, chakula baba anatupia kila asubuhi, na samaki wa juu wamenenepa. Baba alilaumu baridi, akalaumu mastiki, akahamisha sanduku, akabadilisha maji, mwisho akanilaumu mimi kwamba nimeokota wagonjwa. Mama alisema ni mkosi umeingia nyumbani. Mimi sikujua nimwamini nani.

Bibi Mwamini, mama yake baba, alikuwa haoni tena, na Feza ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kutawadha. Mchana mmoja wakati wa chakula walirudi mlangoni, bibi akasimama ghafla. Akaupapasa ule mkono wa Feza kutoka kiganjani mpaka begani, polepole, kisha akauliza ni wa nani. Mama akashangaa, akasema ni wa Feza, nani mwingine. Bibi akauliza kama anakula. Mama akajibu anakula kila siku, anakula mu sufuria. Bibi akaomba aletewe hiyo sufuria. Bugali ulikuwa umeshapakuliwa. Akaingiza mkono, akauzungusha ndani, akautoa mtupu. Unga ulikuwa umepungua, na mama alikwangua mpaka chini ili sahani zetu zionekane zimejaa.

"Ninyi muko na macho," bibi akasema. "Mimi sina. Njo mimi niwaambie mutoto anakufa na njaa katikati yenu?"

Mama akakaa chini, akalia. Feza naye akalia, akiomba msamaha, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Yeye ndiye mwenye njaa, mbona anatuomba sisi msamaha? Toka siku hiyo alipakuliwa wa kwanza.

Baada ya chakula nikaenda kwenye sanduku. Samaki mmoja wa chini alikuwa amebandika mdomo kwenye kioo, tumbo limebonyea, liko wazi mbele yangu. Kila siku lilikuwa hapo. Mimi nilikuwa natazama kama kioo kimetakata. Utelezi ulikwisha zamani, na chakula cha baba kilielea juu, wa juu wakakimaliza. Nikachemsha jani la lenga-lenga, ule mchicha wa kwetu, nikalifunga kwenye kijiwe, nikalizamisha. Akalikwangua likabaki mishipa tu. Huyo aliishi.

Feza yuko Kailo sasa, ana wajukuu. Alipokuja mwaka jana nilimpakulia kwanza, na bado alitupia jicho sahani za wengine kabla hajagusa yake. Nikajikaza, nikamwuliza kwa nini siku zile hakusema. Akanijibu, akiniita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

"Yaya, hata mimi nilikuwa nazani nimeshiba."

Nimeligeuza jibu hilo hivi na vile, mwanangu, sijui nilipeleke wapi. Kama ni vita iliyomfanya hivyo au ni sisi, sijui.

Basi wachukue wale wadogo wa mdomo chini, ni wazuri, lakini uwazamishie jani lao hata kioo kikiwa safi. Na yule msichana anayekuoshea vyombo, yule unayemsifu kwamba hana neno, usimwulize kama amekula. Atakuambia amekula, na pengine atakuwa anaamini. Mpakulie, ukae naye mpaka amalize.

Mungu akubariki, Salima wangu, akujazie chungu chako, na akupe jicho la kumwona aliyenyamaza.