Nani Alikuwa Amekaa Hapo?

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara aliniketisha ofisini kwake Chake Chake akanitazama kwa juu ya miwani. "Hawa wanafunzi wa uzamili wa sosholojia vitabu wanavijua," akasema. "Wewe wafundishe kazi." Sikumwamini. Kazi inayoelezwa kwa ufupi hivyo lazima ina jambo ndani yake.

Jambo lenyewe nililikuta Kojani. Tulivuka kwa boti, tukapita kwa sheha, mkubwa wa mtaa, kama ilivyo ada, naye kwa ukarimu wake akafuatana nasi nyumba hadi nyumba. Tulikuwa tukifanya mahojiano ya kina, yaani mazungumzo marefu na mtu mmoja kuhusu maisha yake. Jioni wanafunzi walirudi wamefurahi: ndoa zote njema, skuli nzuri, hakuna mwenye tatizo. Mimi nikaingiwa na shaka. Kisiwa kizima, hata mtu mmoja asilalamike?

"Nani alikuwa amekaa hapo mlipokuwa mnauliza?" nikawauliza. Wakamtaja sheha.

Basi hilo likawa somo langu miaka yote. Kila mahojiano uandike nani alikuwepo: mume, mama mkwe, sheha, hata jirani aliyejifanya anachagua mchele. Halafu urudi siku nyingine, umkute mtu peke yake, umuulize lile lile. Kule Msuka kuna bibi alitucheka mlangoni tuliporudi. "Siku ile alikuwepo shemegi," akasema. "Leo kaa kitako n'kwambie."

Mwishoni mwa utumishi wangu akaja Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili, kijana wa suti na projekta. Alitaka safari za uwandani zifutwe, badala yake ziwe semina za ukumbini: namna ya kuandika wasifu, namna ya kutabasamu kwenye usaili, na cheti mkononi. "Mzee, soko la ajira halingoji boti," aliniambia. Nilimshuku tangu aliponipa mkono huku anatazama saa yake.

Siku ya kuniaga, mwanafunzi wangu wa mwisho, Bi Time, alikuwa akikusanya maoni ya walimu kwa ajili ya kikao kitakachoamua. Akanijia nikiwa na sahani ya biriani, Mkurugenzi kaniwekea mkono begani.

"Mwalimu, safari za uwandani zifutwe?"

"Mkurugenzi ameona mbali," nikajibu. Roho iliniuma. Time akaandika, akashukuru, akenda zake.

Sasa niko Wawi na mihogo yangu, na kustaafu hakukuniponya shaka hata kidogo. Kwa hiyo asubuhi moja niliposikia hodi, nikamwona Time, kwanza nilichungulia barabarani nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa, Mwalimu. Kikao kesho." Akavua viatu. "Siku ile hukuwa peke yako. N'mekuja kukuuliza tena."

Nikamwambia avute mlango, akae.