Bado, Bwana

Neno "bado" husemwa vibaya sana, lakini mimi nimeliona likiokoa watu. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu nje ya Eldoret, na ndiye aliyetayarisha motaboti ya kuzungukia bwawa. Jumapili moja wageni waliipanda ikiwa ingali ukingoni, pamoja na memsabu, mke wa mzungu huyo, asiyejua kuogelea.

"Tayari?" Bwana aliuliza.

"Bado, Bwana."

"Kila siku bado! Sukuma!"

Baba hakusukuma. Alitoa mfukoni kizibo cha tundu la chini ya motaboti, alichokuwa amekichomoa asubuhi ili maji ya mvua yamwagike.

"Bila hii kitu, Bwana, bwawa pia itapanda."

Memsabu alishuka wa kwanza, kofia mkononi. "Bado!" alimwambia mumewe. "Bado kabisa!"

Kwetu, anayesema "tayari" haraka huambiwa kwanza apapase mfuko.